Jetski ya mwaka 1996 inafifia katika mwendo wa kasi: je, niguse skrubu za kabureta?

Mwenye Jetski:
Habari zenu, wakuu. Jetski yangu ni ya mwaka 1996, ina injini ya mipigo miwili yenye silinda 2 na kabureta 2 (vifaa vinavyochanganya petroli na hewa) za kampuni ya Mikuni. Inawaka bila shida na inatulia katika mwendo wa taratibu, lakini nikibana mkono wa mafuta hadi mwisho inafifia baada ya muda mfupi, na nikiulegeza inarudia hali yake. Nimeshauriwa nifungue skrubu za kabureta ili mafuta yaongezeke. Je, ushauri huo ni sahihi?

Fundi wa Injini Ndogo:
Ndugu, nakusihi usiziguse skrubu hizo kwa sasa. Ikiwa injini ilikwenda vizuri kwa mpangilio huohuo, kilichobadilika ni njia inayoleta mafuta. Usiendelee kuikimbiza pia, kwa sababu petroli inayoingia husaidia kupoza pistoni. Ikipungua huku injini ikizunguka kwa kasi, pistoni huweza kutoboka au kukwama ndani ya silinda.

Fungua kiti utazame mipira ya mafuta, yaani mabomba laini yanayopitisha petroli. Jetski nyingi za miaka ya 1990 zilikuwa na mipira ya kijivu ambayo, kadiri inavyozeeka, huoza kwa ndani na kutoa utando wa kijani unaonata, ingawa kwa nje huonekana mizima kabisa. Utando huo husafiri hadi kwenye kichujio kidogo cha wavu kilichomo ndani ya kabureta, ambacho wengi hawakifikii kwa sababu hupuliza dawa ya kusafishia kwa nje tu. Badilisha mipira yote, pamoja na ule unaorudisha mafuta kwenye tangi, uweke mipya ya petroli yenye kipenyo kilekile cha ndani. Safisha koki ya mafuta, kisha ufungue kabureta zote mbili, usafishe nyavu na kuweka viwambo vipya (vipande vyembamba vinavyonyumbuka ili kusukuma mafuta). Ukisafisha kabureta ukaiacha mipira ya zamani, kazi yote itakuwa bure.

Mpenda Injini za Zamani:
Naunga mkono, ila kagua pia njia ya hewa ya tangi. Hewa huingia kupitia valvu ndogo ya upande mmoja, nayo ikiziba, pampu hushindwa kuvuta mafuta na dalili huwa hizohizo. Injini ikififia, izime, ulegeze kifuniko cha tangi; ukisikia hewa ikiingia kwa nguvu, anzia hapo.

Mwenye Jetski:
Nawashukuru. Kifuniko hakikutoa sauti, lakini mipira ni ya kijivu na nilipokata ncha ya mmoja nilikuta utando wa kijani. Nikishafunga mipya, nitajuaje kwamba haivuji?

Fundi wa Injini Ndogo:
Ziba njia ya hewa ya tangi, uingize shinikizo dogo kwa pampu ya mkono yenye geji (kipimo cha shinikizo), bila kuzidi kiwango kilichoandikwa katika kitabu cha jetski yako, kisha upake maji ya sabuni kwenye viungio. Mshale wa geji usishuke. Usiruke hatua hii, kwa maana mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutuama chini ndani ya chombo, mahali ambapo cheche moja inatosha kuulipua. Ndiyo maana kiti hufunguliwa kwa dakika chache baada ya kujaza mafuta, kabla ya kuwasha. Ukishaijaribu majini, chomoa plagi inayotoa cheche kwenye silinda, utazame ncha yake: rangi ya kahawia ni nzuri, lakini nyeupe ina maana kwamba mafuta bado hayatoshi.