Hii Mercury kwa picha ya guka ni gari gani, na mbona ilipotea?

MtuWaMolo (Nakuru):
Wadau habari zenu. Wikendi tulikuwa tunapanga vitu vya marehemu guka, babu yangu, huku Molo, si mnajua venye wazee huweka kila kitu, nikapata debe la biskuti limejaa risiti za pareto, na katikati ya risiti kuna picha moja ya black and white. Guka ako na gambuti na koti refu, amepandisha mguu mmoja kwa bampa ya gari kubwa hivi kama yeye ndiye mwenyewe, gari iko na matope mpaka kwa madirisha na kuna wasee watatu nyuma wanacheka. Nyuma ya picha ameandika na biro, "Londiani, Pasaka 1964, tulisukuma Merkuri".

Mathe anasema hiyo stori guka alikuwa anaipiga kila Pasaka bila kukosa, ati mbio za magari za Safari zilipita, gari ya wazungu ikakwama, wakaisukuma, kila mtu akapewa shilingi mbili na sigara, na juu guka hakuwa anavuta, sigara akauzia jirani papo hapo. Sisi tulidhani anatunga.

Sasa nikatumia uncle picha kwa simu, ako Texas miaka mingi, akaniambia Mercury ndiyo ilikuwa gari yake ya kwanza huko na hajawahi kalia gari ingine laini hivyo. Nikauliza basi si nitafute moja, akacheka akasema ilishaisha, haitengenezwi tena. Kwani ni kampuni gani hiyo? Ilifilisika ama? Na kweli ilikuja Safari ama guka aliandika jina la gari ingine?

FundiWaKondele (Kisumu):
Pole kwa guka, na hakuwa anatunga.

Kwanza elewa Mercury haikuwa kampuni yake yenyewe, ni Ford. Edsel Ford, mtoto wa mzee Henry, ndiye aliianzisha, zikaingia sokoni kama modeli za 1939. Shida yao ilikuwa hivi: Ford ilikuwa gari ya mwananchi, Lincoln ilikuwa gari ya tajiri, na katikati hakuna kitu. Mtu akianza kupata pesa kidogo anatoka kwa Ford anaenda kwa washindani wao, General Motors, kununua Pontiac ama Oldsmobile ama Buick, hao hawarudi tena. So wakachukua Ford, wakaipanua, wakaiwekea V8, injini ya silinda nane, ya nguvu za farasi 95, wakaiuza dola 916. Jina ni la mungu wa Warumi wa zamani, yule wa biashara na wasafiri. Ile ya 1949 ndiyo ilipata jina kubwa, vijana wa California walikuwa wanaikata paa na kuishusha mpaka tumbo karibu liguse barabara.

Yako kwa picha ni modeli inaitwa Comet. Na Comet ina stori yake ya kuchekesha juu haikuzaliwa Mercury. Ford walikuwa wameanzisha jina lingine linaitwa Edsel, lile lilianguka vibaya sana mpaka leo Marekani ukitaka kusema kitu kimebuma unasema Edsel. Comet ilikuwa inaandaliwa iwe mtoto mdogo wa Edsel, kabla izaliwe mama akafa mwisho wa 1959, sasa 1960 ikatolewa hivyo hivyo yatima, inauzwa kwa maduka ya Lincoln na Mercury bila kuitwa Mercury. Jina la Mercury ilipewa kuanzia modeli za 1962.

Sasa mwisho wa 1963 wakataka kuonyesha watu kwamba hii si gari ya kupeleka mama sokoni tu. Wakaenda Daytona kule Florida wakazungusha Comet maili 100,000 kwa wastani wa zaidi ya maili 105 kwa saa. Laki moja! Wakaona imetosha, sasa twende Afrika. Gari sita zikatengenezwa na Bill Stroppe, fundi wa magari ya mbio wa California, V8 ya lita 4.7, zikaletwa huku Safari ya Pasaka 1964. Uhuru ulikuwa na miezi mitatu na kitu tu.

Lakini lami ya Florida si Londiani. Mwaka huo mvua ilinyesha, gari 94 zilianza, 21 ndizo zilimaliza, na kati ya Comet sita zilimaliza mbili. Gari nzito, V8 nyingi mbele, magurudumu ya nyuma ndiyo yanasukuma, ukiiweka kwa ule udongo mwekundu wa huko juu wakati umeloa unajua chenye kinafanyika, mbele inazama, nyuma inacheza. Hapo ndipo watu kama guka wako walihitajika.

SamakiWaDunga:
Fundi acha, mi nimeambiwa na mzee mmoja hapa Ahero Comet ndiyo ilishinda hiyo mwaka.

FundiWaKondele (Kisumu):
Huyo mzee anachanganya, mpe salamu. 1964 ilishinda Ford Cortina GT, Peter Hughes na Billy Young. Injini ya 1500cc! Yaani Ford ya Uingereza, kagari kadogo ka mwalimu wa shule, ilipiga V8 ya Ford ya Marekani mbele ya watu. 1965 ndiyo Joginder Singh, mtu wetu wa Kericho, akashinda na Volvo akiwa na ndugu yake Jaswant. Comet haikuwahi kushinda Safari. Pengine mzee anakumbuka kelele, hiyo V8 ukiisikia mara moja husahau zile zingine zote zilipita.

OmogusiMajuu:
Wacha niingie hapa juu mimi niliishi na hii gari miaka sita. Mimi ni wa Kisii, nilikuwa Minnesota, na uncle wako wa Texas naye nina uhakika alikuwa na Grand Marquis, ile Mercury kubwa, ama niseme tu kila Mkenya aliyefika huko wakati ule alipitia Grand Marquis. Sababu ni moja. Zilikuwa zinanunuliwa na wazee wa kizungu wa miaka sabini kwenda juu, mzee anaendesha kanisani na kwa daktari, akifariki watoto wake hawaitaki, wanaiuza bei ya kutupa. Yangu ilikuwa ya 2003, nililipa dola 3,200, kwa dashibodi ilikuwa na maili elfu 61, na ndani ilinuka peremende. Nilipata pakiti yake chini ya kiti.

Siku ya kwanza nilikaa ndani dakika kumi nikitafuta handibreki. Hakuna. Kumbe ni pedali ndogo kushoto unakanyaga na mguu, halafu kuna kishikio chini ya dashibodi unavuta kuachilia. Gia iko kwa stelingi kama matatu ya zamani, kiti cha mbele ni kimoja mpaka upande ule mwingine kama kochi, so mbele wanakaa watatu, nyuma watatu, na wote wako na mikanda. Jumapili nilikuwa nabeba waumini watano na sufuria ya pilau kwa buti, na hiyo buti, weh, unaweza lala ndani.

Ulaini ni kweli. Iko na chesi kama lori, bodi imewekwa juu, so barabara inakufikia kama stori ya mbali. Lakini pinda kona ukiwa na haraka utajua hujui, inalala upande mmoja kama mashua ya Mbita. Na kwa theluji, kwa sababu ni magurudumu ya nyuma na mzigo wote uko mbele, kila Novemba nilikuwa naweka mifuko miwili ya mchanga kwa buti mpaka Aprili. Jirani Mwethiopia ndiye alinifunza, wiki ya kwanza alinikuta nimekwama kwa maegesho ya nyumba yetu, tairi inazunguka tu.

Mafuta sikudanganyi, mjini ni kilomita saba kwa lita, ukitoka nje unafika kumi na kitu. Kitu ilikuwa inanifurahisha ni barabarani. Inafanana na Crown Victoria ya polisi, sasa usiku ukimfuata mtu anaona zile taa kwa kioo, anapunguza mwendo mara moja, anakupisha. Nilikuwa nafungua barabara kama msafara wa gavana.

Injini ni V8 ya lita 4.6, hii haifi. Jambo la kuangalia, na linajulikana na kila fundi wa huko, ni zile za 1996 mpaka 2001, manifold yake, ile ya kuingiza hewa kwa injini, ilikuwa ya plastiki yote, ilikuwa inapasuka pale maji yanapopita, mpaka kesi ikaenda kortini na Ford ikakubali kulipa. Yangu ilikuwa ya baadaye. Mimi shida yangu nilijinunulia kwa gereji fulani, walinitoza dola 400 kubadilisha plagi nane, nikatoka gari inatetemeka kama imepata malaria, nikarudi wananiambia sasa ni gearbox. Nikafungua boneti mwenyewe na tochi ya simu, koili moja, ile ya kupelekea plagi umeme, hawakuisukuma mpaka ikalia "tik". Niliisukuma na kidole. Gari ikanyamaza.

Unauliza ilikufa kwa nini? Huyo jirani Mwethiopia alikuwa na Ford Crown Victoria. Siku moja tulifungua milango ya gari zote mbili tukiwa tunaosha nikaangalia. Dashibodi ile ile. Milango ile ile. Vitasa vile vile. Yangu ilikuwa na grili tofauti na taa tofauti na nembo. Sasa mtu mwenye akili timamu ataongeza pesa kwa ajili ya grili?

FundiWaKondele (Kisumu):
@OmogusiMajuu hapo umemaliza. Ile nafasi Edsel Ford aliiona kati ya Ford na Lincoln ilijifunga pole pole, Ford zenyewe zikawa nzuri, Mercury ikabaki Ford imevaa tai. 1978 waliuza karibu 580,000 kwa mwaka mmoja. 2009 hawakufika hata laki. Juni 2010 Ford wakatangaza wanaifunga, na Januari 4, 2011 ya mwisho ikatoka kiwandani St. Thomas kule Kanada. Na ilikuwa Grand Marquis, si unaona.

So hapana, haikufilisika. Mwenye duka alitoa rafu moja.

MtuWaMolo (Nakuru):
Eish asanteni, nimesoma hii kwa mathe kwa sauti akacheka mpaka machozi hapo kwa sigara na kwa Cortina. Sasa swali la kijinga, mtu akitaka Mercury hapa Kenya anaipata aje? Hata hiyo ya kochi.

DalaliWaSection58 (Nakuru):
Boss wangu hapo utalia. Zote ni stelingi ya kushoto na hiyo haisajiliwi hapa, labda iwe ambulansi ama ya zima moto. Tena kuna sheria gari ya kuingizwa nchini isizidi miaka minane, na Mercury ya mwisho ilitoka 2011, hesabu mwenyewe. Usitumie mtu pesa akikuambia ako na njia.

Ukitaka damu ya Mercury tafuta Mazda Tribute zile za mwanzo. Ford Escape, Mazda Tribute na Mercury Mariner ni watoto wa boma moja, Mariner ilikuja baadaye modeli za 2005. Tribute iko ya stelingi ya kulia, ziko hapa Nakuru, ziko Eldoret, bei si mbaya. Chukua ya lita 2, ile ya V6 lita 3 inapenda petroli kuliko mimi ninavyopenda mutura.

SamakiWaDunga:
Yaani mtu anaanza na Comet ya V8 anamalizia na Tribute 😂

FundiWaKondele (Kisumu):
@MtuWaMolo kabla tumalize, nitolee shaka. Tuone kama ni kweli Comet ya 1964, juu Safari ilikuwa na gari nyingi kubwa na matope hufananisha vitu. Angalia mbele ya gari. Usihesabu zile taa za ziada zimefungwa kwa bampa ama kwa boneti, hesabu za kwenye grili. Ya 1964 iko na nne, mbili kila upande, zimelala sambamba. Ya 1965 ziko moja juu ya nyingine. Kama unaweza pia angalia kwa bodi kama kuna herufi.

MtuWaMolo (Nakuru):
Nimeenda nayo kwa dirisha na kioo cha kukuzia cha mathe cha kusomea Biblia. Kwa boneti matope imefunika, naona C na O halafu kitu kama mguu wa M, imeisha hapo. Taa zimelala. Kushoto mbili, kulia naona moja.

Ya nne guka ameizuia na goti.

FundiWaKondele (Kisumu):
Basi ndiyo hiyo. Usiikunje, usiirudishe kwa debe na hizo risiti, peleka studio wakupigie nyingine kubwa. Na mimi nitumie moja niweke hapa kwa gereji.