Kulanti inaingia kwenye oili, ripoti ya maabara inasema "Kawaida": tunalipia nini?

Ndugu wadau wa magari ya dizeli,

Ninaandika nikiwa na hasira na sitajaribu kuificha. Nimekuwa nikilipia huduma ya kupima oili ya injini iliyotumika kwa lengo moja tu, nalo ni kujua hali ya ndani ya injini bila kuifungua, na nilichopewa ni karatasi yenye rangi ya kijani na neno "Kawaida", neno ambalo linapingwa waziwazi na namba zilizochapwa na maabara hiyohiyo chini yake. Jina lao silitaji, kwa kuwa ninachotaka kijadiliwe hapa ni kazi yenyewe jinsi ilivyofanyika.

Ripoti iliyotangulia ilionyesha chuma 38, sodiamu 9 na potasiamu 3, zote zikiwa sehemu kwa milioni, pamoja na mnato (yaani uzito wa oili inapotiririka) wa sentistoki 14.1 katika nyuzi joto 100 za Selsiasi. Oili hiyo ilikuwa imetembea kilomita 10,000. Ripoti iliyofuata ilihusu oili ya chapa ileile na daraja lilelile la 15W-40, lakini iliyotembea kilomita 5,000 tu, kwa sababu niliamua kuimwaga mapema baada ya kuona kulanti (kimiminika cha kupoozea injini) inapungua kwenye tangi la akiba bila hata tone moja kuonekana chini ya gari. Hiyo ya pili ilionyesha chuma 71, sodiamu 46, potasiamu 29 na mnato wa 16.9. Hukumu ya ripoti zote mbili ni "Kawaida". Maelezo ya mchambuzi kwenye ripoti ya pili ni sentensi ileile ya ripoti ya kwanza, neno kwa neno, ikinihakikishia kuwa uchakavu upo ndani ya viwango na kwamba niendelee na ratiba yangu ya kubadilisha oili.

Mtu asiye fundi wala mkemia anaweza kuona tatizo kwa kugawanya tu. Chuma 38 kwa kilomita 10,000 ni wastani wa 3.8 kwa kila kilomita 1,000. Chuma 71 kwa kilomita 5,000 ni 14.2. Kasi ya kulika kwa chuma ndani ya injini imekaribia kuongezeka mara nne, na chuma hicho kinatoka kwenye silivu (kuta za silinda), krankshafti, kamshafti na gia, yaani vitu ambavyo vikiharibika mtu anaingia ovahoo. Maabara haikuona chochote kwa sababu inalinganisha kila namba na kikomo chake cha jumla cha 100, kikomo kimoja kwa injini zote, bila kujali oili imetembea umbali gani. Fomu yao ina nafasi ya kujaza kilomita za gari, kilomita za oili na kiasi kilichoongezwa katikati ya safari. Nilijaza zote. Sasa ninajiuliza kama kuna mtu yeyote aliyezisoma.

Suala la sodiamu na potasiamu ndilo lililonikera kuliko yote. Kemikali za kuzuia kutu ndani ya kulanti nyingi zina sodiamu au potasiamu, au vyote viwili, kwa hiyo vikipanda kwa pamoja namna hiyo ndani ya oili, jambo la kwanza analotakiwa mchambuzi kulitaja ni uvujaji wa kulanti: gasketi ya silinda hedi, kipoozeo cha oili, au kipoozeo cha moshi unaorudishwa kwenye injini. Kwenye ripoti yangu kisanduku cha maji kimeandikwa "hakuna" na kisanduku cha glikoli (kemikali inayochanganywa na maji kwenye kulanti) kimeandikwa "hakuna", na inaonekana biashara iliishia hapo. Injini inapofanya kazi katika joto lake la kawaida, maji yakivuja kidogokidogo huondoka kama mvuke, na glikoli nayo huvunjika na kubadilika kwa joto hadi kipimo chake kikakosa cha kushika. Madini hayaendi popote. Ndiyo maana yanapimwa, na mtu aliyefungua maabara ya oili anapaswa kulijua hilo kabla hajanunua mashine.

Najua kuna watakaosema kwamba sodiamu inaweza kuwa sehemu ya kemikali zilizochanganywa kiwandani kwenye oili, au kwamba potasiamu hutoka kwenye kipoozeo kipya cha alumini, kutokana na dawa iliyotumika kukiunganisha. Ni kweli kabisa. Gari langu halina kipoozeo kipya hata kimoja, na kuhusu oili niliwatumia chupa ya pili yenye oili mpya kutoka kwenye dumu lilelile, nikaomba ipimwe ili iwe msingi wa kulinganishia. Walipokea malipo ya sampuli mbili, wakapima moja. Nilipouliza, nilijibiwa kuwa tayari wanazo takwimu za oili mpya kwenye mfumo wao. Basi kama wanazo, zilikuwa wapi wakati sodiamu inapanda kutoka 9 hadi 46 kwa oili isiyobadilika chapa?

Mnato nao una kesi yake. Oili ya daraja la 40, ile namba ya mwisho kwenye 15W-40, inatakiwa kuwa na mnato usiopungua 12.5 na usiofika 16.3 katika nyuzi 100. Hayo ni mapatano yanayofahamika ya SAE, chama cha wahandisi wa magari, wala si maoni yangu. Kipimo cha 16.9 maana yake oili imekuwa nzito kupita daraja lililoandikwa kwenye dumu, na kwa injini ya dizeli watuhumiwa wa karibu ni masizi, oili kuchakaa kwa kukutana na oksijeni, au kulanti. Ili kuwatenganisha, unapima masizi kwa mwanga wa infraredi. Kisanduku cha masizi kwenye ripoti yangu kina kistari tu. Kisanduku cha akiba ya alkali, ambayo ndiyo hueleza oili imebakiwa na nguvu kiasi gani ya kuzima asidi zinazotokana na mwako, kina kistari pia. Kipimo nilicholipia kinaitwa "kamili". (Hata mnato ukiwa mzuri peke yake haitoshi, kwa kuwa dizeli inayovuja kwenye nozeli hulainisha oili wakati masizi yanaifanya iwe nzito, na hivyo viwili vikikutana vinaweza kufichana hadi namba ikaonekana nzuri.)

Nilipiga simu. Swali la kwanza nililoulizwa, kabla yule bwana hajafungua ripoti, ni kama nilichukua sampuli vizuri. Niliichukua injini ikiwa ya moto, baada ya kuacha oili ya kwanza ipite ili uchafu wa chini ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) usiingie, moja kwa moja kwenye chupa waliyoitoa wao ikiwa bado na mfuniko wake. Hata kama ningeikinga kwenye beseni chafu la gereji, uchafu wa sakafuni ungeleta silikoni na alumini kwa pamoja, na silikoni yangu haikusogea. Baada ya hapo nikaambiwa: "Ndugu mteja, gari lako lipo salama, mfumo ungegundua tatizo ungeandika kwa rangi nyekundu." Kwa hiyo mchambuzi niliyekuwa nikimlipa ni mfumo unaopaka rangi.

Fundi wangu hakuhitaji mfumo. Alifunga pampu ya kupimia presha kwenye rejeta, akaacha presha ikae huku injini ikiwa imepoa, na mshale ukawa unashuka taratibu bila unyevu wowote kuonekana nje. Kipoozeo cha moshi kilipofunguliwa kilikuwa na ufa, na ndani yake kulikuwa na utando mweupe wa kulanti iliyokauka juu ya masizi. Niliwatumia maabara picha. Jibu lao lilinielekeza kwenye maandishi madogo mwishoni mwa ripoti, yanayosema kuwa matokeo si uchunguzi wa kiufundi wa gari na kwamba hawawajibiki kwa uamuzi wa mteja. Mtu anayekuandikia "endelea na ratiba yako" ameshakupa ushauri, na hawezi kuukana ushauri huo kwa herufi ndogo.

Sipingi upimaji wa oili. Kwenye reli za Marekani injini za dizeli zilianza kufuatiliwa kwa njia hii miaka ya 1940, na umuhimu wake hauna ubishi. Una mipaka pia, ambayo maabara hii haiitaji popote: mashine ya kusoma madini huona chembe ndogo sana, za mikroni chache, na vipande vikubwa vya bering inayomeguka vinaweza kuipita bila kuhesabiwa, hivyo mtu mwenye wasiwasi huo anahitaji pia kipimo cha chembe zinazovutwa na sumaku au kufungua filta ya oili na kuikagua. Mteja akiambiwa hayo mapema atajua amenunua nini.

Nimewaandikia nikidai mambo matatu: sampuli ya oili mpya niliyoilipia ipimwe, masizi na akiba ya alkali vipimwe kwenye sampuli ya pili kama bado wanayo, na ripoti itolewe upya ikiwa imesainiwa na binadamu aliyesoma kilomita zangu. Walichonijibu hadi sasa ni punguzo la bei kwa kipimo kijacho.

Kama una ripoti ya dizeli yenye muhuri wa "Kawaida", tafadhali weka hapa namba za chuma, sodiamu, potasiamu na mnato, pamoja na kilomita za oili. Jina la maabara liache.