Mrejesho: saundikadi ya nje imekubali

Wakuu, niliuliza kama kompyuta mpakato yangu ya Windows itaendesha saundikadi ya nje ya kurekodia (kisanduku cha kuunganisha maikrofoni na kompyuta). Imekubali. Alama ya radi mliyoniambia niitafute kwenye tundu la USB-C haipo, na maelezo ya mtengenezaji nayo hayataji Thunderbolt (njia ya kasi ya kuunganisha vifaa, ambayo alama yake ndiyo hiyo radi), basi nikachukua ya USB 2.0. Kwa maikrofoni mbili, kasi yake ya megabiti 480 kwa sekunde inatosha na kubaki.

Kilichosumbua ni sauti kukatika-katika. Draiva ya ASIO (programu inayopitisha sauti ya saundikadi bila kuchelewa sana) haikuwa na shida; LatencyMon, programu ya kupima ucheleweshaji kwenye Windows, ikaonyesha draiva ya Wi-Fi ndiyo inayochelewesha (nani angeidhania?). Nikirekodi naizima Wi-Fi, na bafa (akiba ndogo ya sauti inayosubiri kuchakatwa) ya sampuli 128 kwa kilohezi 48, yaani milisekunde 2.7 hivi, inakwenda safi. Kwenye habu (kifaa cha kuongeza matundu ya USB) isiyo na umeme wake, saundikadi iligoma kuwaka, kwa hiyo naichomeka moja kwa moja.