Naomba ushauri: kupeleka wanafunzi Amani, bonde la mto Zigi

Habari za jioni, wakubwa kwa wadogo. Mimi ni mwalimu mlezi wa klabu ya mazingira, sekondari moja hapa Tanga mjini. Nataka kuwapeleka wanafunzi 34 Amani, ile hifadhi ya msitu kwenye milima ya Usambara Mashariki, kwa siku moja. Maji tunayokunywa mjini yanatoka mto Zigi kupitia bwawa la Mabayani, na wengi wao hawajawahi kuuona msitu unaoyalinda.

Shida ni usafiri. Mwenye kosta anatufikisha lango la Zigi tu. Ile barabara ya udongo ya kupanda Amani, mvua ikinyesha, hataki hata kuisikia. Nikapendekeza lori, mkuu wa shule akakataa katakata (simlaumu). Watoto nao wameshapanga kuogelea, wakati mimi nawaza maua ya urujuani wa Usambara kwenye miamba!

Waliowahi kupeleka wanafunzi: je, kuishia Zigi na kutembea na mwongozaji kunatosha siku nzima, au nisubiri masika yaishe? Na kwa kundi hili, niombe waongozaji wangapi? Malipo ya kosta ni Ijumaa, jamani.