MREJESHO: Wapangaji watatu, LUKU moja (Sakina, Arusha)

Wakuu, habari zenu. Niliwaomba ushauri kuhusu nyumba yangu ya Sakina: wapangaji watatu wanachangia mita moja ya LUKU, na kila umeme ukiisha ni ugomvi.

Nimefuata ushauri wa wengi. Fundi amefunga mita ndogo kwa kila mpangaji, gharama nimebeba mimi. Jamani, mita haina upendeleo! Wote walikuwa wanamnyooshea kidole mama anayeuza barafu kwa sababu ya friji lake. Kumbe anayemaliza uniti ni kijana wa chumba cha nyuma: ana jiko la umeme na hita ya maji ya kuoga, na kwa baridi hii ya mwezi wa 7 hita haipumziki. Nilimwonyesha namba pale ukutani, akalipa bila neno. Wenzake wamemwomba radhi yule mama, nimefurahi sana.

Kuhusu kodi ya majengo: tangu 2021 inakatwa kupitia LUKU, hivyo anayenunua umeme ndiye anayekatwa, wakati mzigo ni wa mwenye nyumba. Sasa manunuzi ya kwanza ya kila mwezi nafanya mimi, makato yaniangukie mwenyewe. Tumeliandika kwenye mkataba na kusaini mbele ya mwenyekiti wa mtaa.

Aliyeshauri nimkatie umeme anayedaiwa, hapana. Mle ndani kuna mtoto mchanga.

Bili ya maji bado ni moja. Kwa sasa wanagawana kwa idadi ya watu, na hakuna aliyelalamika.

Asanteni sana.