Picha jongefu katika barua pepe za wateja: naomba ushauri

Mkaaji wa Ibanda, Bukavu
Ndugu zangu, nawasalimu. Mimi ndiye ninayeandika barua pepe za kila mwezi za ushirika wetu mdogo wa wakulima wa kahawa, ambazo huwafikia wanunuzi wa Ulaya pamoja na wateja wa hapa mjini. Mwezi uliopita nilitia picha jongefu ya GIF yenye megabaiti 5: inaanza na vichanja vitupu, akina mama wanakuja kuchambua buni, na mwishoni yanatokea maneno "Mavuno mapya yamefika". Mnunuzi mmoja alinijibu kwamba ameona vichanja vitupu tu, na mteja wa Kadutu akalalamika kwamba barua yangu imemaliza mega zake. Kazi ile ilinichukua siku tatu, kwa hiyo imeniuma. Je, niache kabisa picha za namna hii?

Mwanachama wa Goma
Usiache, ndugu yangu. Outlook ya Windows, programu ya kusomea barua pepe, katika matoleo ya 2007, 2010 na 2013, haichezi GIF, bali huonyesha fremu ya kwanza, yaani picha ya kwanza kati ya zile zinazofuatana, na kubaki hapo hapo. Maneno yako yalikuwa mwishoni, basi huyo mnunuzi asingeweza kuyaona hata angesubiri mpaka jioni. Ujumbe wote uwe kwenye fremu ya kwanza, na mahali pa kubofya ili kuagiza pawe nje ya picha, kwa maandishi ya kawaida, kwa kuwa wapo waliozuia picha zote.

Kuhusu uzito, GIF ni muundo wa mwaka 1987 na kila fremu yake hubeba rangi 256 tu, ndiyo maana video ya shambani yenye vivuli vingi hutoka na madoa, tena ikiwa nzito. Acha kichanja chote kitulie, usogee mkono mmoja tu unaochambua. Programu nzuri ya kutengeneza GIF huhifadhi sehemu iliyobadilika peke yake, na faili hupungua sana. Mimi hupunguza upana hadi pikseli 600 na sivuki megabaiti 1.

Mama wa Lubumbashi
Naongeza jambo ambalo wengi hulipuuza, nami linanigusa kwa sababu nina ndugu mwenye kifafa: kitu kisimwekemweke zaidi ya mara 3 kwa sekunde, kama inavyotaka miongozo ya W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti. Pia picha ijirudie mara mbili au tatu, kisha isimame, ili msomaji asome kwa utulivu.

Mkaaji wa Ibanda, Bukavu
Asanteni sana. Nitajuaje kwamba mkono huo unaosogea unaleta maagizo?

Mwanachama wa Goma
Gawa orodha yako nusu kwa nusu bila kuchagua watu: nusu wapate picha tuli, nusu wapate jongefu, maneno yakiwa yale yale. Usihesabu waliofungua barua, kwa sababu tangu 2021 Apple Mail inaweza kupakua picha hata kama mtu hajaifungua. Hesabu waliobofya na walioagiza.