Thunderbird inapokea barua pepe vizuri ila kutuma imegoma, naomba ushauri

Mleta uzi

Habari zenu wakuu. Naomba msaada, nimekwama.

Nina anwani ya barua pepe ya kazini, ya kikoa chetu wenyewe (lile jina linalofuata alama ya @), si Gmail wala Outlook. Siku zote nilikuwa naisoma kwenye kivinjari. Sasa nataka barua zikae kwenye kompyuta, maana intaneti yangu inakatika ovyo na nahitaji kusoma barua za zamani hata mtandao ukiwa haupo. Nimeweka Thunderbird, ile programu ya barua pepe ya kwenye kompyuta, nikajaza jina, anwani na nenosiri. Barua zote zimeingia, hadi folda zangu zimekuja kama zilivyo.

Shida ni kutuma. Nikibonyeza kitufe cha kutuma, kile kidirisha kinakaa tu kinazunguka, halafu baadaye sana kinaniambia muda wa kuunganishwa na seva ya kutoa (ile inayotuma barua) umekwisha. Kwenye kivinjari natuma bila tatizo, kwa nenosiri lilelile.

Karatasi tuliyopewa na waliotukodisha nafasi ya seva inasema: kupokea, IMAP (njia ya kusoma barua zilizo kwenye seva) poti 993, kutuma, SMTP (njia ya kutuma barua) poti 25. Nimefuata hivyohivyo. Kinachonichanganya ni kwamba mwenzangu aliyeko ofisini ana mipangilio hiyohiyo na anatuma vizuri. Mimi nafanyia kazi nyumbani. Nimefuta akaunti nikaiweka upya, hali ni ileile. Kuna wateja wanasubiri majibu, kwa hiyo yeyote mwenye mwanga asinipite.

Mpiga Mbizi

Pole mkuu. Badilisha nenosiri kisha ujaribu tena. Na kama una antivairasi, izime kidogo uone.

Fundi wa Usiku

Ndugu mleta uzi, nenosiri usiliguse. Soma vizuri kile unachoambiwa: muda umekwisha. Maana yake kompyuta yako haijajibiwa chochote na seva. Nenosiri linaulizwa baada ya pande mbili kusalimiana, na hapa salamu yenyewe haijafika. Lingekuwa nenosiri, ungejibiwa haraka, mara nyingi kwa namba 535.

Tatizo lako ni poti 25. Poti ni kama mlango wenye namba kwenye seva. Poti hiyo kazi yake ni seva kupelekeana barua na seva nyingine. Kampuni nyingi za intaneti huifunga kwa wateja wa majumbani, kwa sababu kompyuta zilizoingiliwa na virusi zilikuwa zinaitumia kumwaga barua taka. Mtandao wa ofisini kwenu bila shaka haujafungiwa, ndiyo maana mwenzako anapita.

Mtu anayetuma kutoka kwenye programu ametengewa poti yake, 587, tangu mwaka 1998. Na mwaka 2018 waraka wa viwango vya intaneti, RFC 8314, ulipendekeza 465, ambayo muunganisho wake unasimbwa tangu mwanzo, yaani unafichwa usisomwe na wengine njiani. Uliza ipi inafunguka kwenye seva yenu, au jaribu zote mbili.

Sasa angalia hapa, maana ndipo watu wengi wanapotea. Thunderbird haiweki seva ya kutoa pamoja na ya kupokea. Ukifungua mipangilio ya akaunti, ya kupokea utaiona chini ya jina la akaunti yako. Ya kutoa iko mwisho kabisa wa orodha ya kushoto, peke yake. Mara nyingi ukifuta akaunti ile ya kutoa inabaki na mipangilio yake ya zamani, kwa hiyo kufuta na kuweka upya hakusaidii. Nenda pale chini, ichague, bonyeza kuhariri.

Ukibadilisha poti, badilisha na aina ya usalama: 465 inakwenda na SSL/TLS (kusimba tangu mwanzo), 587 inakwenda na STARTTLS (kuanza wazi, kisha kusimba). Ukizichanganya unaweza kukutana na ukimya uleule, ukadhani poti imefungwa kumbe iko wazi.

Mleta uzi

Asante sana Fundi. Kweli, kule chini nimekuta seva ya kutoa imeandikwa mara mbili, zote poti 25. Nimefuta moja, nyingine nimeiweka 587 na STARTTLS.

Sasa majibu yanakuja papo hapo, ila ni mapya: 550, seva inasema hairuhusu kupitisha barua kwa niaba yangu. Cha ajabu, nikimwandikia mwenzangu wa kikoa chetu inakwenda. Nikimwandikia mteja wa nje inakataa.

Bi Mkora wa Nyaya

Hapo umeshapiga hatua kubwa, mdau. Sasa seva inakusikia, ila haijui wewe ni nani. Barua ya ndani ya kikoa inaipokea kutoka kwa yeyote, ndiyo kazi yake. Barua ya kwenda nje haimpitishii mtu asiyejitambulisha, la sivyo kila mlaghai angeitumia.

Palepale ulipobadilisha poti, angalia njia ya uthibitishaji. Nina hakika umekuta imeandikwa kwamba hakuna. Weka nenosiri la kawaida. Usiogope hilo neno "la kawaida": kwa kuwa umeshaweka STARTTLS, nenosiri linasafiri ndani ya muunganisho uliosimbwa. Ile chaguo ya nenosiri lililosimbwa ni utaratibu mwingine wa zamani, na seva nyingi haziukubali.

Na jina la mtumiaji liandike anwani nzima, pamoja na alama ya @ na kikoa. Seva moja inabeba vikoa vingi, ukiandika kipande cha mwanzo tu haitakutambua.

Mleta uzi

Dada, ulikuwa unaona skrini yangu? Ilikuwa imeandikwa hakuna. Nimebadilisha, imeniuliza nenosiri, nimeweka. Kisha kimetokea kidirisha cha onyo: cheti cha usalama cha seva (kitambulisho chake) si sahihi, kimetolewa kwa jina lingine. Kuna kitufe cha kuruhusu. Nibonyeze?

Mpiga Mbizi

Ruhusu tu, hiyo ni kawaida kwenye seva za kukodi.

Fundi wa Usiku

Hapana, subiri, tafadhali. Mpiga Mbizi yuko sahihi kwamba inatokea sana kwenye seva za kukodi, lakini kuruhusu bila kusoma ni hatari. Onyo hilohilo ndilo ungelipata kama kungekuwa na mtu katikati anayejifanya seva yenu, na hapo ungemkabidhi nenosiri la ofisi kwa mkono wako.

Bonyeza kuona cheti na usome jina lililoandikwa. Kama ni jina la seva ya kampuni iliyowakodisha, thibitisha nao kwa simu, kisha jina hilo ndilo uliandike kwenye nafasi ya jina la seva, badala ya lile linaloanza na neno "mail" likifuatiwa na kikoa chenu. Onyo litaondoka lenyewe, na siku likirudi utajua kuna jambo la kweli. Kama jina hulitambui, au ni la antivairasi yako inayochungulia barua, usiruhusu kwanza. Hakikisha pia tarehe na saa ya kompyuta ni sahihi, maana saa ikirudi nyuma cheti kizima kinaonekana kibovu.

Kijiti

Samahani kwa kudandia uzi. Mimi ni Gmail. Nenosiri ni sahihi kabisa, kwenye kivinjari naingia, Thunderbird inalikataa.

Bi Mkora wa Nyaya

Kijiti, Google waliacha kupokea nenosiri la kawaida kutoka kwenye programu za akaunti binafsi tangu tarehe 30 Mei 2022. Microsoft nao wakafuata kwa akaunti za Outlook za binafsi, tarehe 16 Septemba 2024. Kwa hiyo kwenye njia ya uthibitishaji chagua OAuth2, njia ya kuingia kupitia ukurasa wa Google wenyewe, upande wa kupokea na upande wa kutoa pia. Kitafunguka kidirisha cha Google uingie humo. Kikibaki cheupe au kikizunguka bila mwisho, angalia kama Thunderbird imezuiwa kupokea vidakuzi (cookies, kumbukumbu ndogo za tovuti), viruhusu.

Kama programu yako ni ya zamani na haina OAuth2, Google wanatoa nenosiri la programu, lenye herufi 16, ila lazima kwanza uwe umewasha uthibitishaji wa hatua mbili.

Kijiti

Vilikuwa vimezuiwa. Imeingia. Mungu akubariki.

Mleta uzi

Wakuu, barua zimeondoka zote. Nimepiga simu, wamethibitisha jina lililo kwenye cheti ni la seva yao, nimeliandika na onyo limetoweka. Mwenzangu wa ofisini naye nimembadilishia, maana siku akitoka na kompyuta yake angekwama kama mimi. Wale wa seva nimewaandikia wasahihishe karatasi yao.

Swali la mwisho: barua hizi sasa ziko salama kwenye kompyuta hata nikizifuta kwenye simu?

Fundi wa Usiku

Haziko salama, na afadhali umeuliza. IMAP inafanya pande zote zifanane. Ukifuta kwenye simu, inafutika na kwenye kompyuta ikishaunganishwa. Kwa kusoma bila mtandao, fungua mipangilio ya usawazishaji na uhakikishe imewekwa kutunza ujumbe kwenye kompyuta. Zile usizotaka kuzipoteza, zinakili kwenye folda za ndani ya kompyuta, zile zisizo chini ya akaunti yoyote. Hizo seva haizigusi. Kisha folda nzima ya wasifu wa Thunderbird (profile, zinamokaa barua na mipangilio yako) inakili kwenye diski ya nje, programu ikiwa imefungwa.

Mleta uzi

Nimeelewa. Naanza na mikataba ya wateja, hizo ndizo siwezi kuzipoteza. Asanteni sana.